Mama wa Pichani Alivyoingia Kibandani

Jamani, nijicheke kwanza mimi kabla hamjanicheka. Nina kibanda cha kutengeneza fremu za picha pale mtaani Jericho. Juzi nilinunua picha iliyochapwa ya mama mwenye kovu shavuni. Muuzaji aliniapia kwamba zilichapwa kumi tu, kibao cha kuchapia kikachomwa, na mama mwenyewe akafariki. Nilimwamini, nikatoa akiba yangu yote. Tangu nilipoitundika, nilihisi macho yake yakinifuata kila nikigeuka.

Jumanne mchana mwalimu mmoja alikuja kuinunua. Nilikuwa namsimulia kifo kile kwa sauti ya matangani pale kibanda kilipoingia giza. Mlangoni alisimama mama yuleyule, na kovu lake, ananitazama bila kupepesa.

“Shindwa! Marehemu, rudi ulikotoka!” nikapiga kelele, nikachutama nyuma ya meza.

“Marehemu ni nani, kijana?” akauliza kwa upole, akifungua bahasha kubwa. Nakala za picha ile ile zilijaa ndani. “Mchoraji amezichapa tena, akanipa niwagawie wenzangu wa kanisa. Nimekuja unitilie moja fremu.”

Mwalimu alirudisha pesa mkobani.

“Mama,” akasema, “unaweza kunigawia na mimi?”

Akapewa bure, mimi bado nimechutama.