Asali ya Mizinga ya Mzee Kyule

Kanga ndio waliopiga kelele kwanza. Mbinya alikuwa mtoni akichota maji kwenye shimo la mchangani, akawasikia kutoka juu ya mteremko, sauti zile kama bawaba yenye kutu. Akajiambia ni mwewe. Kanga wake humpigia kelele mwewe, nyoka, mpita njia, hata kivuli cha wingu, na mtu akiishi nao miaka tisa huacha kuinua kichwa kila wanapopayuka. Akaendelea kujaza mtungi. Kosa hilo hajajisamehe mpaka leo.

Alipofika nyumbani ilikuwa saa nne na nusu. Shemeji yake Nzau alikuwa akimaliza mstari wa mwisho wa shamba lake la ndengu, pampu ya dawa mgongoni, leso imefungwa puani. Ndengu zilikuwa zimechanua. Jua lilikuwa kali, na nyuki wa Mbinya walikuwa humo humo, kwenye maua.

Hakuna mkulima wa Matinyani asiyejua kwamba ndengu zenye maua hupigwa dawa jioni, nyuki wakisharudi kwao. Nzau alijua kuliko wengi. Alikulia chini ya mizinga ya nyuki hao hao.

Ilikuwa mitano, magogo yaliyochongwa na Mzee Kyule, baba yake Nzau. Kwa Kikamba huitwa miatu, na kila mmoja mzee aliutia alama ya nyumba yake kwa kisu cha moto, mikato mitatu na duara. Kyule alipozeeka, Nzau, mwanawe wa kwanza, alikuwa ameshasema wazi kwamba nyuki ni kazi ya watu wa zamani. Mwanawe wa pili, mume wa Mbinya, alikuwa kaburini. Basi mzee akamwita mkamwana wake mjane, akamwonyesha mizinga, akafa.

Tangu zamani mwanamke hapandi mti wenye mzinga. Mbinya hakupanda. Alifunga kamba na kapi, akaishusha mizinga mpaka usawa wa kifua, akavuna akiwa amesimama ardhini kama mtu anayechuma mchicha. Wanaume walicheka. Asali ilipozidi, wakanuna. Nzau, ambaye alikuwa ameikataa mizinga hiyo kwa mdomo wake, alisema nje ya kanisa watu wakimsikia, "Vitu vya baba vimegeuzwa vyombo vya jikoni."

Na sasa nyuki walikuwa wanaanguka. Walirudi wakiyumba, wakatua kwenye mdomo wa mzinga, wakazunguka zunguka kama waliosahau mlango, wakadondoka. Chini ya miti walilala tabaka jeusi, wengine bado wakitikisa mguu. Bata wake walifika wakikimbia kwa furaha, wakaanza kuwala. Mbinya aliwafukuza kwa ufagio, kwa kanga aliyojifunga, kwa mayowe. Bata hafukuziki mbele ya chakula. Kufikia saa tisa, saba kati ya kumi na mmoja walikuwa wamelala na shingo zimepinda. Wawili kati ya hao saba walikuwa wakilalia mayai ya kanga, maana kanga ni mama mbaya, huatamia siku mbili akapotea vichakani. Mayai thelathini na moja yakapoa kwenye viota.

Alivuka ua akaenda kwa Nzau.

"Nzau, umeua nyuki wangu."

"Mbinya, si ungesalimia kwanza?"

"Saa nne ya asubuhi! Maua yote yako wazi!"

"Jioni niko na fellowship. Unataka niache kazi ya Mungu ningojee wadudu walale?"

"Na bata wangu?"

"Bata nilipulizia wapi? Kama bata yako inakula takataka, fundisha bata."

Mkewe Ndila alicheka huko jikoni, kisha kicheko kikakatika ghafla, kama mtu aliyejiziba mdomo. Mbinya alirudi kwake akachimba shimo. Hakulia. Kila jembe liliposhuka alilitaja jina la mtu mmoja, na ardhi ya Kitui ni ngumu, kwa hiyo alilitaja mara nyingi.

Mizinga minne ilinyamaza. Mmoja tu, ule wa karibu na mto, uliendelea kunguruma.

Wiki mbili baadaye Nzau alikohoa langoni. Alikuja na sauti mpya, laini.

"Shemeji, umeshindaje? Unajua ile siku ya Ben iko karibu."

Mbinya alijua. Ben, mtoto wa Nzau, alikuwa anaoa huko Kikima, upande wa Mbooni, na hiyo ndiyo siku ya kupeleka mahari. Wakwe walikuwa watu wa kanisa, pombe hawakutaka hata kuinusa, lakini asali walisema lazima, na isiwe ya dukani. Itoke mzinga wa nyumba ya bwana harusi, ndiyo wajue binti yao anaingia kwa watu wa namna gani.

"Nimekuja kwa ile asali ya baba," Nzau akasema.

"Si uliniambia ni wadudu?"

"Wacha hayo. Bado uko na mzinga mmoja."

"Umejuaje ni mmoja?"

Nzau akatupa jicho kwenye ua.

"Ulikuja ukahesabu," Mbinya alisema polepole. "Ulisimama hapo kwa ua ukahesabu iliyokufa, na hukupata hata neno la pole. Ile iliyobaki ni chakula chao. Toka."

"Sawa. Nitanunua huko Kambu. Asali ni asali."

Asali ya Kambu ilitoka kando ya barabara kuu, chupa sita zinazong'aa. Mbinya aliziona miguuni pa Nzau siku ile ya mahari huko Kikima. Alikuwa ameapa kunyamaza kwa ajili ya Ben, kijana ambaye hajawahi kumkosea.

Syombua, nyanya wa bibi harusi, alichovya kidole, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka watu wakaacha kutafuna.

"Hii ni sukari iliyochemshwa," akasema. "Nyumba ya Kyule iko na mizinga. Hata sisi huku Mbooni tumeisikia."

"Nyuki walihama, mama," Nzau akajibu, bila hata kumeza mate.

Neno hilo ndilo lililomwinua Mbinya. Wanawake wa upande wake wakamvuta nguo, akajinasua.

"Hawakuhama! Nyuki wa Kyule walikufa wakiwa kwa kazi. Mwulizeni mwenye pampu."

Hakuna aliyeuliza. Hapakuwa na haja, uso wa Nzau ulikuwa umeshajibu. Nyanya aliisukuma chupa kwa kidole kile kile mpaka ikafika ukingo wa meza.

"Mbuzi tumepokea. Asali tutangoja. Hata mwaka."

Wakati wa kurudi Ben hakumtazama, wala kumuaga. Hilo lilimchoma Mbinya, na hakuwa na wa kumdai isipokuwa Nzau yule yule.

Mvua za Machi zilikuja. Makundi mawili ya nyuki yaliingia kwenye mizinga mitupu, na bata mmoja kati ya wanne waliobaki akakubali kulalia mayai ya kanga. Mwezi wa tano ndengu zikachanua. Jioni moja Nzau alisimama kwenye ua, pampu imejaa, mikanda imemkata mabega. Hakuvuka mpaka.

"Shemeji," akaita. "Wamerudi?"

Mbinya aliinuka akaitazama midomo ya mizinga. Kimya. Nyuki walikuwa wamesharudi wote, zamani. Juu ya mgunga, kanga wa mwisho alikuwa akijipanga kwenye tawi. Mbinya aliketi tena kwenye kigoda, akavuta ungo, akaanza kuchambua kunde moja moja.

"Bado," akasema.