Hadia na Kicheko cha Nyanya Yake Okeyo

Usithubutu kumwambia Hadia Fadlalla kwamba kompyuta ndiyo inayopaka rangi. Atakutazama kwa upole, kisha akuulize kama sufuria ndiyo inayopika pilau. Halafu atarudi kwenye kazi yake.

Hadia ni Mnubi wa Makina, Kibera, mzaliwa wa papo hapo. Mama yake, Fatna, husuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vyenye rangi za kuwaka, na majirani husema binti amerithi jicho la mama. Labda. Lakini jicho halimkalishi mtu kitini kutwa nzima mgongo ukimuuma. Hiyo ni subira yake mwenyewe, na mimi humvulia kofia.

Kazi yake ni hii: wachoraji humletea michoro mitupu, mistari myeusi isiyo na rangi, naye huipaka rangi kwenye kompyuta. Hadithi za watoto, katuni, mabango ya kliniki, yote hupitia kwake. Kwanza huziba mianya. Mstari ukiachwa wazi hata upana wa unywele, ukimwaga rangi kwenye shavu inavuja, inajaa shingoni, inatoka hadi mawinguni, na ukurasa mzima unakuwa kahawia. Basi Hadia huukuza mchoro mpaka pua inajaa kioo kizima, anatafuta palipo wazi, anapaziba polepole. Kisha kila kitu hukipa tabaka lake, mithili ya karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: ngozi peke yake, nguo peke yake, meno peke yake, na mistari inakaa juu ya vyote bila kuguswa. Wako wanaopaka vyote pamoja ili wamalize upesi. Haraka haraka haina baraka, jamani, na hao hao ndio humpigia simu Hadia awaokoe.

Mchoraji aliyemchosha kuliko wote ni Okeyo wa Kabiro, kule Kawangware. Okeyo ana mkono wa ajabu, na uvivu wa kutosha kuugawia mtaa mzima. Mistari yake haikutani. Hadia alishamgombeza mpaka akachoka, sasa huziba tu mwenyewe.

Siku moja Okeyo akaleta mchoro usiokuwa wa kazi. Ulikuwa wa nyanya yake mzaa mama, aliyefariki mwaka jana huko Siaya. Picha pekee aliyoiacha ni ile ya kitambulisho, amekaza uso kama aliyekamatwa na askari. Na mama yake Okeyo, Risper, alikuwa amekiri jambo lililomtia hofu: kila akimkumbuka mama yake siku hizi, anaona uso ule wa kitambulisho. Kicheko chake kilikuwa kinampotea. Alitaka picha ya mama yake akicheka, aitundike nyumbani siku ya ukumbusho, kabla kicheko hicho hakijapotea kabisa. Okeyo alikuwa amemchora jinsi alivyomkumbuka.

Hadia aliipaka picha ile kama anayempaka mafuta mtoto mchanga. Ngozi aliichanganya mara nyingi mpaka ikaacha kufanana na ngozi ya katuni. Leso aliitia rangi ua kwa ua. Alipofika mdomoni akakuta Okeyo ameacha pengo chini, mbele kabisa, hakuna mstari hata mmoja. Akaguna. Uvivu ule ule! Akaichora safu ya meno ya chini, akaipaka rangi, wala si nyeupe ya dukani, ila ile yenye umanjano kidogo, ya mtu mzima. Akamtumia Okeyo picha kwa simu. Okeyo, akiitazama kwenye kioo kidogo kilichopasuka, akajibu kwamba iko fiti sana.

Kesho yake Hadia akabeba kompyuta yake hadi Kabiro, nyumbani kwa akina Okeyo, ili Risper aione picha kwa ukubwa wake kabla haijachapishwa. Risper alimkaribisha kwa chai, Okeyo akiwa kando, akavaa miwani, akatazama. Akatazama tena. Hadia alimwona akiutafuta uso wa mama yake kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani.

"Hadia, kazi ni safi," Risper akasema hatimaye. "Lakini huyu mimi simjui."

Hakuweza kusema kwa nini. Okeyo ndiye aliyesogea, akakitazama kioo kikubwa, akashika kichwa. Akaeleza kwamba nyanya yake alikuwa Mjaluo wa zamani, wa enzi ambazo msichana akikua aling'olewa meno sita ya chini, ndiyo ilikuwa desturi. Lile pengo hakuwa amelisahau. Ndiyo sehemu pekee ya mchoro aliyoifikiria sana.

Hadia aliona aibu, na aliiona haswa. Angeweza kumlaumu Okeyo kwa miaka yote ya mistari iliyo wazi. Hakufanya hivyo. Alimwomba Risper msamaha, akasukuma kikombe kando, akashika kalamu yake ya kuchorea palepale mezani. Meno yalikuwa kwenye tabaka lake, kwa hiyo safu ya chini ilitoka bila kuugusa mdomo. Lakini pengo lisilo na kitu nalo si mdomo wa mtu. Hadia aligeuka.

"Mama Okeyo, hapa ndani kulionekana nini akicheka?"

Risper akafumba macho. Okeyo akataka kumjibia, Hadia akamzuia kwa mkono.

"Ulimi," akasema. "Ulimi ulikuwa unachungulia."

Hadia akautia ulimi, mwekundu uliofifia, na giza kidogo nyuma yake. Akaondoa mkono. Risper akafumbua macho, akainama mpaka miwani ikakaribia kioo.

"Ni yeye," akasema. "Hivi ndivyo alikuwa anacheka akituambia sukari imeisha, na kumbe iko kwa ulimi."

Kisha akaanza kuongea na picha kwa Kijaluo, polepole, kama mwenye habari nyingi za kutoa. Hadia hakuelewa hata neno moja. Aliinuka, akamwachia kiti.