Nzai Katana Wawili

Kache alikuwa mwanamke wa kuhakikisha. Akifunga mlango wa nyumba yake ya Magogoni, hurudi kuusukuma, na jirani zake wameshachoka kumcheka. Kwa hiyo Dancun, mwenzake wa kazi aliyetoka bara, hakushangaa kumkuta ofisini kwao Bamburi Jumamosi asubuhi, akiiandalia majaribio tovuti ambayo Jumatatu wangeikabidhi zahanati moja ya Junda. Alikereka tu.

"Si niliibonyeza yote jana? Iko sawa."

"Ulibonyeza unapopajua, kakangu. Niache nijaribu usipopajua."

Akapakua programu ya majaribio. Bando la intaneti likasuasua, mwisho ikaingia. Akafungua hifadhidata ya pembeni, ya kuchezea, asije akagusa majina ya wagonjwa wa kweli. Kisha akaandika majaribio madogo madogo, kila moja likipima kipande kimoja tu cha tovuti: kusajili mgonjwa, kumpangia siku ya kliniki, kufunga faili ya aliyefariki. Wagonjwa akawabuni mwenyewe. Rashid na Mwanatabu wakapita bila taabu, skrini ikawa kijani, na Dancun akaanza kufunga mkoba.

Majina ya kubuni yakamwishia Kache. Likamjia la babake, Nzai Katana, waliyemzika mwaka jana. Likafuata la mtoto wa kakake, nalo ni lilo hilo. Kwao Wagiriama, Nzai humzaa Katana, na Katana naye humwita mwanawe Nzai, basi babu na mjukuu hubeba jina moja zima. Hata nambari ya simu waliyoandikisha ilikuwa moja, ya mamake Kache. Akaandika: babu amefariki, faili yake ifungwe, mjukuu wa miaka minne aendelee kupewa dawa ya pumu. Akabonyeza.

Nyekundu.

Tovuti ilikuwa imewafanya mtu mmoja. Kwa hesabu yake mtoto naye alikuwa marehemu, na dawa asipewe. Na mtoto huyo wa kakake huchukulia dawa zake zahanati hiyo hiyo ya Junda, na akibanwa na kifua hana subira ya kungoja mtu arekebishe kompyuta.

"Ni mimi," Dancun alisema polepole. "Niliweka jina na simu zikifanana, ni mtu mmoja. Kwetu majina hayarudi hivyo yote."

"Kwetu yarudi. Keti turekebishe."

Mkoba ukafunguliwa tena. Walipoongeza tarehe ya kuzaliwa, jaribio likapita. Dancun akauliza kama abadilishe yale majina, aweke ya kubuni.

"Yaache," Kache alisema. Alikuwa amemkumbuka babake, na machozi yalikuwa karibu.

Kisha akampigia mamake simu, akaomba apewe mtoto.

"Umekula, Baba?" alimuuliza, kama alivyomwita tangu apewe jina hilo.

"Nimekula, shangazi."

Kache alikaa na simu sikioni, akimsikiliza akipumua.