Pikapu Iliyoota Manyoya

Ukishuka basi Garsen na kufuata njia ya sokoni, utaona chandarua kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kuviona. Ndani yake hakuna kitanda. Kuna gari. Hiyo ndiyo karakana ya Tamar Komora, fundi wa rangi, na chandarua hicho alikishona mwenyewe kwa kuunganisha vingine vingi, kwa sababu mbu wa Mto Tana hawachagui: hutua kwenye rangi mbichi kama kwenye ngozi ya mtu.

Tamar ni mzaliwa wa Golbanti. Wazazi wake walitaka alime mpunga kama wao, naye alilima, mpaka alipokwenda Madogo kumsaidia shangazi yake hotelini. Huko aliona malori yakipakwa rangi kando ya barabara, na jembe likamtoka mkononi. Alijifunza kunyoosha bati, kupiga msasa na kushika bunduki ya kupulizia rangi bila kutetemeka, kisha akarudi kufungua kazi Garsen.

Garsen ilimletea viraka tu. Leo mlango uliokwaruzwa na mbuzi, kesho tangi la pikipiki. Mtu akitaka gari lipakwe lote, alilipeleka Malindi. "Garsen kuna vumbi," walimwambia. "Rangi haikai huku." Maneno hayo yalimuudhi kuliko mbu.

Basi siku Fardosa alipomletea pikapu yake nzima, Tamar aliizunguka kama mtu aliyeletewa mgeni wa heshima. Fardosa, ambaye wengi humwita Mama Hawa, huuza maziwa. Huyakusanya kwa wafugaji na kuyaleta sokoni, na wauza maziwa wenzake humtazama yeye kabla ya kuamua jambo lolote. Alitaka rangi ya kijani, kijani cha mpunga mchanga.

"Gari likitoka zuri, wenzangu wataleta yao," alisema. "Likitoka baya, Tamar, sisi ni Malindi. Hutatuona tena."

"Mama Hawa, utajiona kwenye boneti kama kwenye kioo."

Kijani hicho hakikupatikana Garsen. Tamar alikitafuta kwenye simu, akakipata kwa muuzaji ambaye hakusema duka lake liko wapi, ila picha zake ziling'aa na bei yake ilikuwa ya kutupa. Aliagiza rangi pamoja na hadena, yaani ile dawa inayochanganywa na rangi ili iwe ngumu. Mzigo ukaja kwa basi.

Mkebe wa hadena ulikuwa umevimba, kifuniko kimetuna kama shavu la mwenye jino bovu. Ubavuni palibandikwa karatasi mpya yenye tarehe, na chini yake ilichungulia nyingine kuukuu. Mtu wa mahali pengine angeshtuka. Lakini huku kwetu kila kinachoshuka kwenye basi huwa kimevimba, kimeyeyuka au kimepinda. Chupa za soda hutuna, mafuta ya mgando hufika yakiwa maji. Sisi hulaumu joto na kuendelea na maisha. Tamar naye akalaumu joto. Hadena ilimiminika nzito, yenye ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Joto tu, akasema, akapaka.

Jioni pikapu ilipendeza sana, ila ukiigusa kidole kilinata. Kesho yake kilinata vilevile.

"Ni hili joto," Tamar alimwambia Susan, wifi yake, ambaye hupika chapati kando ya karakana.

"Wifi, joto gani? Joto hili linakausha chapati zangu kabla mteja hajaketi. Liweze chapati lishindwe na rangi?"

Tamar aliuendea mkebe, akaibandua ile karatasi mpya. Tarehe iliyofichwa chini yake ilikuwa imepita zamani. Hadena iliyokaa mno huingiwa na unyevu ikaharibika, na ikishaharibika haigandishi kitu. Alimpigia muuzaji. Simu ililia, ikakatwa, na tangu hapo haikupatikana.

Akiwa bado anaitazama simu, ng'ombe walipita wakienda mtoni. Chandarua kilikuwa wazi upande mmoja. Ndama mwekundu aliyekuwa akiwashwa aliingia, akajikuna ubavu kwenye mlango wa pikapu, taratibu, kwa raha zake. Alipoondoka, mlango ulikuwa na manyoya juu mpaka chini.

Mohamed, dereva wa tuktuk, alisimama katikati ya barabara. "Fundi! Hiyo gari umepaka ama umefuga?"

"Moha, pita na njia yako!"

"Napita. Usisahau kuichanja!"

Susan alicheka mpaka akaunguza chapati, kisha akamwonea wifi yake huruma. "Nyoa hayo manyoya, upake rangi nyingine juu. Atajuaje?"

Tamar alilifikiria hilo, na hakulifikiria kidogo. Rangi ngumu juu ya rangi laini ingetulia kwa muda, halafu ipasuke kama tope la mafuriko likikauka, tena sokoni, mbele ya wauza maziwa wote. Akampigia Fardosa.

Fardosa alikuja, akautazama mlango. "Rangi hii uliinunua wapi?"

"Kwenye simu."

"Ulifungua mkebe kabla ya kulipa?"

"Kwenye simu utafunguaje, Mama Hawa? Kulikuwa na picha."

"Picha!" Fardosa alimgeukia Susan kama anayetafuta shahidi. "Mimi hata mama yangu mzazi akiniletea maziwa, nafungua mtungi, nanusa, namimina kidogo kiganjani. Mama yangu! Na huyu amenunua picha."

"Nitaibandua yote nianze upya, kwa gharama yangu," Tamar alisema. "Kama hutaki, ipeleke Malindi, lakini niache niisafishe kwanza."

Fardosa alichomoa unyoya mmoja, akauangalia. "Mwenye ndama huyu namjua," alisema, na midomo ikamcheza. "Haya, fanya. Lakini safari hii nunua kama mtu wa maziwa."

Tamar alijifunga barakoa, akakwangua kijani chote mpaka mabega yakamuuma. Kisha akaenda Malindi, kwenye duka lenye mlango na mwenye duka. Alisoma tarehe iliyopigwa kwenye bati la mkebe, si kwenye karatasi, halafu akaomba ufunguliwe.

"Dada, hii ni rangi, si maziwa."

"Ndiyo maana nitainusa kidogo tu."

Hadena ilimiminika nyepesi na safi kama mafuta ya uto. Alichanganya kidogo, akapaka kipande cha bati alichokuja nacho, akaketi kwenye ngazi za duka kungoja kikauke. Muuzaji alipoona haondoki, akamletea stuli.

Pikapu iliporudi sokoni ikiwa imepakwa upya, Fardosa alibonyeza kiganja kwenye boneti, akakitazama. Kilikuwa safi. Wauza maziwa wakasogea, wakajitazama ndani ya kijani kile na kurekebisha shungi zao.

"Hii ni Malindi ipi?" mmoja aliuliza.

"Malindi ya pale kwa Susan wa chapati," Fardosa alijibu.

Ng'ombe walikuwa wakirudi kutoka mtoni. Yule ndama mwekundu aliiona pikapu, akaisogelea, akajikuna ubavu mlangoni kama kawaida yake. Ndama akamaliza, akaenda zake na manyoya yake yote.