Ukuta wa Nyuma ya Kiti

Asubuhi hii nilikuwa nikisugua kuta za sebule yangu kwa sabuni ya kipande, kwa sababu mafundi wa rangi wanakuja kesho, na harufu yake ikanirudisha nyumbani kwetu Bondeni.

Siku ninayoikumbuka, Baba alikuwa amefariki miezi michache tu kabla yake. Mama aliita mafundi wa rangi, na siku moja kabla hawajaja, mimi na yeye tulitoa viti nje, tukang'oa misumari, tukafunika kabati kwa shuka kuukuu. Kisha tukaanza kusugua kuta. Mama alienda haraka mpaka akafika pale kiti cha Baba kilipokuwa. Ukutani palikuwa na doa la mafuta, duara la rangi ya chai, mahali Baba alipokuwa akiegemeza kichwa akisikiliza redio.

"Mama, hapa tuache?" nikauliza.

Aliweka kiganja juu ya lile doa, kama anayepima homa ya mtoto.

"Rangi haishiki kwa mafuta," akasema. "Kuja tusaidiane."

Tulisugua pamoja, yeye juu, mimi chini. Mama alilia kidogo. Halafu akaanza kunisimulia vile Baba alikuwa akilala redio ikiwaka, na akamwigiza akikoroma, kwa sauti kubwa mpaka jirani akachungulia mlangoni. Nilicheka hadi nikaketi kwenye sakafu iliyojaa maji. Tangu mazishi, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja Baba ndani ya nyumba ile.