Mbuzi wa Krismasi na Ramani ya Unabii

Mtaani kwetu Bagamoyo, mimi ndiye wa kwanza kwenda ng'ambo na kurudi na stashahada. Sikusomeshwa na mjomba wala mtu yeyote. Nilikata mkonge mpaka nikajilipia nauli. Niliporudi, kanisa letu dogo likanikabidhi darasa la Biblia. Wazee wa kanisa waliposoma "Israeli" walielewa kuwa ni waumini, yaani sisi. Nikawaeleza nilivyofundishwa: Israeli ni hiyo hiyo ya redioni, yenye vifaru. Nikachora ramani ya unabii wa Ezekieli, maadui, yaani nchi za Waislamu, nikawapaka rangi nyekundu. Watu walijaa hadi madirishani.

Kisha vita vikazuka kule, na serikali yetu ikavunja uhusiano na Israeli. Mimi sikupunguza sauti.

Kila Krismasi mama aliualika mtaa mzima, na jirani yetu Mwislamu, rafiki wa marehemu baba, ndiye aliyetuchinjia mbuzi. Bila yeye majirani wasingegusa nyama, maana karibu wote walikuwa Waislamu. Mwaka ule asubuhi ya sikukuu hakutokea. Mama alikuwa ameshaosha mchele, akanitazama tu. Nikaenda kwa jirani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, bwana stashahada. Mbuzi wenu ameshapata pasipoti?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nasikia mna ramani huko kanisani. Mimi umenipaka rangi gani?"

"Wewe hukuchorwa, baba mkubwa. Wewe Mkwere wa hapa hapa, si Mwarabu."

"Na wenzangu ninaoswali nao?"

Hoja nilikuwa nazo tele, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Lakini huyu ndiye aliyeingia kaburini kuupokea mwili wa baba yangu.

"Nyekundu," nikasema.

Akachukua kisu. "Twende. Mama yako hakuchora kitu."

Alichinja, na mtaa ukala mpaka ukoko. Yeye alinawa akaenda zake bila kuonja. Mama alipompelekea sinia, alishukuru sana, akawagawia wajukuu.

Jumapili iliyofuata darasa lilijaa, likingoja habari za vita. Nikafungua Wagalatia, nikasema wazee wa kanisa hawakukosea: Israeli ni waumini.

"Mwalimu, umeogopa chama na serikali?" mmoja akadakia, wenzake wakaangua kicheko.

Mtu wa elimu yangu haogopi chama. Ila saa nzima nilifundisha nimesimama dirishani, nikiangalia njia anayopita baba mkubwa akienda sokoni.