Siku Tatu Kabla ya Lori

Nyumba aliyokaa Mwanatumu kwa miaka thelathini na mmoja haikuwa yake, na hakuwahi kujidanganya kwamba ni yake. Ilikuwa nyumba ya wakfu, mali ya msikiti wa Takaungu: vyumba vitatu vya mawe na ukumbi, anapewa muadhini akae na watu wake kwa muda wote atakaoadhini. Mumewe, Farjallah, aliadhini mpaka Jumatatu usiku. Jumanne alfajiri watu walisikia sauti ya mtu mwingine, wakajua.

Muadhini mpya, Athman Ngumbao, alikuja baada ya hitima. Alisimama nje, pazia la mlango likiwa limeshushwa, kwa kuwa mjane aliye edani haonani na wanaume wasio maharimu wake.

"Bi Mwanatumu, sikuja kuulizia nyumba," alisema. "Nimekuja kukwambia haina haraka. Kaa eda yako uimalize. Sisi kule tumezoea kubanana."

"Mungu akulipe, Athman. Lakini ile adhana ya alfajiri, mbona waivuta sana mwishoni?"



"Nitaipunguza, Bi."

Eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Mwanatumu hakutoka ila kwa dharura, hakujitia manukato, hakuvaa cha kupendeza, na asingeweza kuhamia nyumba nyingine hata kama angetaka. Mchana alishona kofia za vito, zile zinazotobolewa matundu madogo madogo na kuzungushiwa uzi, tundu moja baada ya jingine, mpaka kitambaa kiwe na ua. Kazi hiyo aliifanya tangu usichana, na kwa kawaida haifanywi na mtu mmoja peke yake. Mmoja huchora, wa pili hutoboa, wa tatu humaliza ukingo, na kofia hutembea nyumba hadi nyumba pamoja na habari za mji. Sasa kofia zilimjia mlangoni. Hakuiona eda kuwa ni kifungo. Ilikuwa na mwanzo, na ilikuwa na mwisho.

Mwisho huo ndio uliokuwa shughuli ya mwanawe. Swafwan ni fundi wa friji na viyoyozi, kazi yake kwenye mahoteli, na alikuwa akiishi nyumba hiyo hiyo na mkewe Safaa na watoto wao wawili. Kampuni yake ina karakana mbili, moja Mtwapa na nyingine Malindi, na alikuwa ameambiwa achague moja ifikapo Julai. Kwa hiyo nyumba na kazi zilikuja kuwa swali moja.

Ukiliandika swali hilo kwenye karatasi, Mtwapa inashinda. Kulikuwa na mtaa mpya nje kidogo ya mji, nyumba zimepangwa mistari, sakafu za vigae, tangi la maji juu ya kila paa, lango moja lenye mlinzi, na Mombasa iko karibu kwa mwenye haja nayo. Malindi ni mji mdogo. Nyumba iliyopatikana huko ilikuwa ya zamani, katika mtaa wa Barani, na maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki, siku nyingine ni kisima. Swafwan alizipiga zote mbili video, akamwonyesha mamake kwenye simu.

"Hii ya Mtwapa pazuri," Mwanatumu alisema, kwa sababu palikuwa pazuri.

Swafwan alilichukua hilo kuwa jibu. Alimpa mwenye nyumba wa Mtwapa ahadi ya mdomo, akaagiza lori.

Mwanatumu hakumkatiza. Mwanamke anayelishwa na mwanawe, kwa fikira zake, hachagui mji. Alichokiogopa hakumwambia mtu: kwamba atawekwa mahali pasafi na pakimya, ahudumiwe vizuri, na asiitwe tena na mtu yeyote kwa haja yoyote mpaka siku atakayotolewa kwa jeneza. Usiku alikitazama kitu hicho usoni, na asubuhi alishika sindano.

Jumatatu ya juma la mwisho, wakila, Swafwan alisema lori litafika Jumamosi, tarehe ishirini na moja, siku ile ile ambayo eda inamalizika.

"Eda ya nani?" mamake aliuliza.

"Yako, Mama. Baba alifariki tarehe kumi na moja mwezi wa pili. Miezi minne, siku kumi." Alimgeuzia simu aione. "Jumamosi."

Mwanatumu aliinuka akaenda ukutani, akarudi na kalenda ya msikiti, ile ambayo Farjallah alikuwa akiichapa mkwaju wa kalamu ya risasi kila magharibi, juu ya siku iliyokwisha. Baada ya mazishi yeye ndiye aliyeendelea na kalamu hiyo hiyo.

"Babako amekufa mwezi kumi na mbili Shaabani," alisema. "Hesabu mwandamo, sio simu. Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili. Kumi na mbili Mfunguo Tatu ni miezi minne. Tia kumi."

Swafwan alihesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena.

"Jumatano," alisema.

"Mwana wa muadhini," Safaa alisema, akiangalia sahani yake, "anahesabu eda kwa kalenda ya mishahara." Alikuwa na tabia ya kusema mambo hayo kwa sauti ya kuomba chumvi.

"Tulikuwa na kazi nyingi," Swafwan alisema.

Kosa hilo lilimpa Mwanatumu siku tatu ambazo hakuna aliyezipangia kitu. Alizipanga kabla sahani hazijaondolewa.

"Alhamisi utanipeleka Mtwapa. Ijumaa asubuhi Malindi."

"Lakini umeshaziona, Mama."

"Nimeziona kwenye simu. Simu haina harufu. Jumamosi lori likija tutapakia, popote liendako."

Alhamisi asubuhi wanawake wa mtaa walikuja kumtoa eda. Walimwogesha, wakamvika leso mpya, wakamfukiza udi mpaka akakohoa, wakalia kidogo na kucheka sana. Saa nne alikuwa ndani ya gari la kazi la mwanawe, miguu kati ya mitungi ya gesi, mfuko wa kofia magotini.

Langoni Mtwapa mlinzi aliyeitwa Kyalo aliandika majina yao daftarini kwa adabu kubwa. Nyumba haikuwa na kasoro. Mwanatumu aliitafuta kasoro kwa makini, akafungua kila bomba na kila kabati, akakosa.

"Mtu akija hapa, hodi anaipigia wapi?" alimuuliza Kyalo.

"Mgeni huwa anapiga simu kwanza, mama. Mwenyewe akikubali, mimi namfungulia."

"Na jirani?"

Kyalo alifikiri. "Jirani pia ana simu."

Akamwomba Swafwan amwache saa moja. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, akatoa kofia, akashona. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa nyumba wenye geti la nondo, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Alitoboa na kuzungusha matundu tisa. Gari moja lilipita, vioo vimefungwa. Kwenye tundu la kumi mwanamke wa nyumba ya pili alitoka kuanika nguo, akamwona kupitia nondo za geti, akaja. Jina lake Nyokabi, alihamia hapo kutoka Thika.

"Wewe ndio unahamia hapa? Karibu sana. Aki nitafurahi."

"Umekaa muda gani, mwanangu?"

"Miaka miwili. Ni pazuri, hakuna wezi, hakuna kelele." Alicheka, akashika nondo. "Huyu wa kando yangu hata jina simjui. Tunaonana tu saa kumi na moja asubuhi, taa za magari. Wewe unashona nini?"

Mwanatumu alimpitishia kofia kati ya nondo. Nyokabi aliigeuza, akapitisha kidole juu ya matundu, akauliza yanafanywaje. Walizungumza hivyo, geti katikati, mpaka Swafwan aliporudi. Ufunguo wa geti alikuwa nao yeye.

Njiani kurudi, baada ya mji wa Mtwapa kuachwa mbali nyuma yao, Mwanatumu alisema, "Yule mwanamke yuko edani."

"Amefiwa?"

"Hakufiwa na mtu. Mumewe yuko kazini. Mimi yangu nilikuwa na kalenda, Swafwan. Yake sijaona inaishia lini."

 Swafwan aliendesha kilomita nzima kwa gia ya tatu bila kugundua.

Barani, kesho yake, kasoro zilikuwa nyingi, na Mwanatumu alizitaja zote kwa sauti. Mlango wa choo ulikuwa umeng'oka bawaba ya juu. Maji ya kisima alipoyaonja yalikuwa na magadi. Dari ya chumba cha nyuma ilikuwa na doa la mvua lenye ukubwa wa sinia. Mwenye nyumba, Bi Kabibi, mama wa makamo anayeishi upande wa pili wa ukuta, alikubali kila kasoro na akaongeza moja ambayo hawakuwa wameiona.

Lakini walipokuwa wakibishana juu ya dari hodi ilipigwa mara tatu. Wa kwanza alitaka ngazi, na alishangaa kukuta wageni lakini akaichukua. Wa pili alileta bakuli la Bi Kabibi lililokuwa limeazimwa, ndani yake viazi karai vinne. Wa tatu alikuwa ajuza aliyeingia moja kwa moja mpaka ukumbini, akamtazama Mwanatumu mikononi.

"Kofia hiyo umetoboa wewe?"

"Nimetoboa mimi, shikamoo."

"Marahaba. Macho yangu mimi hayatoboi tena. Namaliza ukingo tu, na anayenitobolea amekwenda Lamu kwa mwanawe. Wahamia lini?"

Mwanatumu alimgeukia Swafwan. Swafwan alikuwa akiitazama bawaba ya mlango wa choo, na alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeshusha gunia.

"Mama," alisema walipotoka uchochoroni, "mimi Mtwapa nilikuchagulia wewe. Miezi minne nilikuona umetulia. Nikasema Mama siku hizi ataka kimya."

"Nilikuwa edani, mwanangu. Ulitaka nicheze?"

"Na mahoteli ninayoyajua yote yako huku."

"Na Safaa je?"

Swafwan alimpigia simu mkewe palepale, spika ikiwa wazi. Safaa alisikiliza mpaka mwisho.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mimi ule ukuta wenye chupa nimeuota mara mbili. Sikusema kwa sababu Mama alisema pazuri."

"Palikuwa pazuri," Mwanatumu alisema karibu na simu.

"Basi tumekwisha kusifu. Njooni tufunge masanduku."

Mwenye nyumba wa Mtwapa hakukasirika. Alikuwa na watu wawili kwenye orodha.

Jumamosi Athman Ngumbao alikuja na vijana wa msikiti kupakia. Safari hii pazia lilikuwa limeshaondolewa. Mwanatumu, buibui mwilini, alimkabidhi ufunguo, kisha kalenda na kalamu ya risasi.

"Ni mikwaju mpaka jana," alisema. "Leo ni yako. Na adhana umeipunguza vizuri."

"Mke wangu alifurahi uliponiambia. Yeye alikuwa akiogopa kuniambia."

Lori lilikwenda polepole kwenye barabara ya vumbi mpaka njia kuu. Dereva, ambaye siku ya kuagizwa alikuwa ameambiwa Mtwapa na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kumwambia vingine, alisimama kwenye makutano na kuwasha taa ya kushoto.

"Kulia," walisema Mwanatumu, Swafwan na Safaa kwa pamoja.

Dereva aliwatazama wote watatu, akazima taa ya kushoto, akakata kulia.